Jinsi ya kuonyesha dakika za mwisho za Sherlock Jr. uani kwako

Kaka yangu alipofungua kibanda cha video Makorora, Tanga, mwaka 1998, mimi nilikuwa msichana wa deki. Mtafsiri alikaa mbele na maiki yake, watu wakamjua na kumshangilia. Mimi nilikaa nyuma, kwenye chumba kidogo cha mbao chenye tundu la ukubwa wa tofali, nikiingiza mikanda, nikiitoa, nikiirudisha nyuma, na kusafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti. Filamu zote za miaka ile nilizitazama kupitia tundu lile: runinga kwa mbali, na mbele yake visogo vya watu wakicheka kabla mimi sijajua wanachekea nini.

Kwa hiyo nilipokuja kuiona Sherlock Jr., nikiwa mtu mzima, sikuweza kuiacha. Ni hadithi ya kijana wa chumba cha mashine ya sinema. Na mwisho wake, dakika chache tu, unatokea ndani ya chumba hicho hicho, kwenye kidirisha chake. Nimeshauonyesha mwisho huo uani kwangu mara nyingi. Mara ya kwanza niliuharibu kabisa, na mengi ya ninayoandika hapa nimeyapata kutokana na uharibifu ule. Naandika kwa ajili yako wewe mwenye projekta ndogo, shuka jeupe na majirani ambao hawajawahi kutazama filamu bubu hata moja.

Kwanza ujue unachoonyesha

Filamu ilitoka Marekani mwaka 1924. Buster Keaton ameiongoza na amecheza mwenyewe, na baba yake mzazi, Joe Keaton, amecheza kama baba wa msichana. Inachukua dakika kama 45. Kwa watu wa uani urefu huo unafaa sana: mtoto hasinzii na mama hajaunguza wali.

Kijana anaonyesha sinema na kufagia ukumbi, na huku anajifunza upelelezi kwenye kitabu. Anampenda msichana. Hasimu wake, bwana mmoja mwenye mikogo, anaiba saa ya baba wa msichana, anaiweka rehani kwa dola 4, ananunua boksi kubwa la chokoleti, kisha anaitumbukiza risiti ya rehani mfukoni mwa kijana. Kijana anafukuzwa pale nyumbani. Anarudi kazini, anawasha mashine, anasinzia, na katika ndoto anaingia ndani ya filamu anayoionyesha na kuwa mpelelezi mkubwa kuliko wote duniani. Akiamka, bado ni kijana wa chumba cha mashine. Hapo ndipo mwisho unapoanzia.

Nchini Marekani filamu hii ni mali ya umma tangu tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo nakala zake ni nyingi mtandaoni. Wingi huo ndio shida yenyewe. Nakala nyingine zina giza hata uso wa Keaton haujulikani, nyingine zinakwenda mbio kama watu wanafukuzwa na nyuki. Usichague kwa kutazama mwanzo. Nenda moja kwa moja dakika mbili za mwisho. Je, unaona macho ya kijana yanapogeuka? Je, picha inafifia taratibu kabla ya watoto kutokea, au inakatwa ghafla? Je, sekunde za mwisho kabisa zipo zote, anapojikuna kichwa? Nakala ikifaulu hapo, ichukue.

Angalia na muziki. Picha za 1924 hazikuja na sauti. Kwa kawaida ukumbi ulikuwa na mpiga piano wake au bendi yake, na muziki unaousikia leo umewekwa na watu wa baadaye, ambao wengine wana haki zao juu ya kazi hiyo. Mimi napenda nakala zenye piano peke yake. Zile zilizoongezwa milio ya kuanguka na kengele zinamwambia mtazamaji acheke wapi, na mwisho huu hautaki mtu aambiwe. Kama sabufa yako inatikisa vikombe, izime, tumia spika ndogo.

Weka projekta dirishani

Jambo hili nimeligundua kwa bahati, na sasa silibadilishi. Usiiweke projekta juu ya stuli katikati ya uwanja. Iweke ndani ya chumba, kwenye dirisha linalotazama ua, taa imezimwa, na wewe mwenyewe usimame nyuma yake. Shuka lifungwe upande wa pili, kwenye ukuta au kamba, likiwa limevutwa pembe zote nne lisipungwe na upepo. Wageni wakae kati yako na shuka, wakikupa visogo.

Sababu utaiona mwishoni. Keaton ametupigia picha ya mwisho kupitia kidirisha cha chumba cha mashine, vijana wawili wamekaa ndani ya fremu kama ndio wao filamu. Mtoto akiliona lile dirisha kwenye shuka, kisha akageuka nyuma akaliona dirisha jingine lenye mwanga na mtu ndani yake, huhitaji kumweleza chochote.

Anza saa moja na nusu usiku. Tanga giza linakuwa limeshakamilika, na upepo wa bahari umeanza kupoza ua. Uliza mapema kama umeme una historia ya kukatika siku hizo mtaani kwenu. Ukikatika katikati ya ndoto, mtasubiri, hakuna neno. Ukikatika dakika mbili kabla ya mwisho, ukirudi usiendelee pale ulipoishia. Rudisha nyuma hadi anapoamka, kwa sababu aibu ya kijana haipandi ikiwa imekatwa vipande.

Maneno yako yaishie wapi

Sisi tumezoea filamu yenye mtafsiri. Waliokulia kwenye vibanda enzi za mtafsiri Lufufu wanajua kwamba mtafsiri hodari humfanya mtu asahau kwamba kuna lugha asiyoijua. Hata Japani, enzi za filamu bubu, walikuwepo watu wa kazi hiyo, wakiitwa benshi, wanasimama kando ya pazia na kusema kila kitu, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Kwa hiyo usione haya kutafsiri. Filamu hii ina maandishi ya Kiingereza yanayopita kati ya picha, na bibi yako hayasomi.

Lakini pana mahali pa kunyamaza.

Inafunguka na methali, inayosema usifanye mambo mawili kwa wakati mmoja ukategemea yote mawili utayatendea haki. Mimi nasema tu, “Mshika mbili moja humponyoka,” na ua mzima unaitikia “humponyoka” kabla sijamaliza. Pale tayari ni wako. Tafsiri na maneno ya risiti, na ya boksi la chokoleti. Boksi la kijana ni la dola 1, naye kwa aibu ya umaskini anachukua kalamu anaigeuza 1 kuwa 4. Usipolisema hilo kwa sauti watu hawataelewa kwa nini baba wa msichana anamwamini mwizi: risiti inasema 4, boksi linasema 4, basi ushahidi umekamilika. Uongo wake mdogo ndio uliompa mwenzake kamba ya kumfungia.

Kuanzia ndoto inapoanza, punguza. Mbio za pikipiki zinajitosheleza. Na kuanzia anapoamka, toa sentensi moja tu, nitakayokutajia, kisha funga mdomo hadi shuka liwe jeusi.

Mimi mara ya kwanza sikufunga. Nilikuwa na hamu ya kuwafurahisha watu, nikawa natafsiri hata pasipo maandishi: “Sasa anamtazama yule wa kwenye filamu… sasa anaiga… haya, pete hiyo…” Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananisikiliza mimi, hawatazami. Bibi mmoja jirani yangu, mtu wa zaidi ya miaka themanini, aliniambia kesho yake asubuhi tulipokutana bombani, “Mjukuu wangu, jana ulikula chakula kilichokuwa mdomoni mwetu.” Nilikaa na neno lile wiki nzima.

Mbegu tatu za kupanda mapema

Mwisho unavuna vitu vilivyopandwa robo saa ya mwanzo. Usiviseme kwa urefu, lakini hakikisha hakuna anayenunua ubuyu au kutafuta kandambili vinapopita.

Cha kwanza ni pete. Kijana anampa msichana pete yenye kito kidogo mno, kisha anampa na kioo cha kukuzia cha upelelezi ili akione. Watu watacheka. Waache wacheke, kisha sema kwa sauti ya chini, “Ndiyo uwezo wake.” Maneno matatu yanatosha, maana yanageuza kicheko kuwa huruma, na huruma hiyo utaihitaji baadaye.

Cha pili ni mikono. Wamekaa kwenye kochi, hawajui mikono yao waiweke wapi. Keaton alijulikana kwa uso usiocheka, kwa hiyo ukitaka kujua moyo wake usimtazame mdomo. Mtazame macho, mtazame vidole. Waambie watoto mapema wamtazame vidole. Watoto wanapenda sana kupewa kazi, na wataifanya hadi mwisho.

Cha tatu ndicho kinachopotea kwa urahisi kuliko vyote, nacho ndicho kikubwa. Wakati kijana na kitabu chake cha upelelezi ameshindwa, msichana anakwenda mwenyewe kwenye duka la rehani na kumuuliza mwenye duka aliyeileta saa ile alikuwa mtu wa namna gani. Basi. Kesi imekwisha. Hakuna kitabu, hakuna kioo cha kukuzia, hakuna kufuatana na mtu hatua kwa hatua mpaka stesheni. Ni kipande kifupi sana. Ukiinama kuokota kijiko kimekupita. Na asiyekiona ataamini kwamba msichana anakuja mwishoni kama zawadi ya kijana. Sivyo. Anakuja kwa sababu amefanya kazi ambayo kijana aliiota tu.

Hapo mimi husimamisha picha. Ndiyo, nasimamisha. Najua wapo wasiopenda filamu ikatwe, lakini kwenye ua wenye watoto kumi na wawili na mbuzi mmoja, kusimamisha sekunde tano ni heshima kwa filamu. Nasema, “Nani amemjua mwizi?” Wakijibu, “Msichana!” naendelea.

(Kuhusu ile sehemu ya tangi la maji la reli, maji yanapomporomokea kijana: watu watataka kujua kama ni kweli. Ni kweli. Maji yalimwangusha Keaton kwa nguvu, shingo ikagonga reli, na ni miaka baadaye ndipo daktari alipomwambia kwamba iliwahi kuvunjika. Waambie hilo mara baada ya sehemu hiyo, usilihifadhi hadi mwisho. Mtu akifika mwisho huku anawaza shingo, haoni vidole.)

Dakika zenyewe

Ndotoni gari lao limeingia majini na linazama. Kijana anaamka kwenye chumba cha mashine mikono ikiwa bado inahangaika kama mwogeleaji. Kimya. Mashine inazunguka. Filamu aliyokuwa anaionyesha bado inaendelea ukumbini, wala hakuna mtazamaji aliyejua kwamba mwendeshaji amelala.

Punguza sauti ya spika kidogo hapa. Usiizime.

Msichana anaingia. Kijana anajiweka sawa. Yanakuja maandishi, na hapa ndipo sentensi yako moja ilipo. Kiingereza chake kinasema baba amemtuma kuja kusema kwamba wamefanya kosa la kutisha. Nilijaribu kutafsiri hivyo, “kosa la kutisha”, likasikika kama taarifa ya habari. Sasa nasema, “Baba amenituma nikwambie tumekukosea.” Neno kukosea kwetu lina uzito wake. Ukimwambia mtu “nimekukosea” umeshusha mabega mbele yake, naye ana wajibu wa kujibu. Tamka polepole, kisha nyamaza.

Ua wangu siku moja ulijibu badala ya kijana. Mama mmoja muuza vitumbua alisema gizani, “Baba hakumtuma huyo. Kajituma.” Nami naamini hivyo. Aliyekwenda dukani kuuliza hawezi kuwa amengoja kutumwa ndipo aombe radhi. Kamtanguliza baba kama mtu anavyotanguliza salamu za nyumbani ili asionekane amekuja kwa haja yake mwenyewe. Kama mtu wa uani kwako atalisema hilo, usimnyamazishe. Maneno yao yana nafasi. Yako ndiyo yamekwisha.

Sasa kijana hajui afanye nini. Amesamehewa, amefuatwa hadi kazini, yuko peke yake na msichana anayempenda, na hajui hata pa kuanzia. Anachungulia kidirishani. Kule kwenye pazia la ukumbi, mwanamume wa filamu naye yuko na mpenzi wake, wanapatana. Mwanamume yule anamgeuza mpenzi wake wakatazamana. Kijana anatazama, anarudi kwa msichana, anamgeuza wakatazamana. Anachungulia tena. Mwanamume wa filamu anabusu mikono. Kijana anabusu mikono. Anachungulia tena. Pete. Ile pete ndogo inarudi kidoleni, na kama mbegu yako ya kwanza iliota, utasikia mtu akivuta pumzi. Anachungulia tena. Yule wa filamu anambusu mpenzi wake busu refu. Kijana anamgusa wake kwa midomo, upesi, kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole.

Ukiwa na watu wazima wenye haya mbele ya watoto, au watoto wenye haya mbele ya wazazi, usipeleke mbele sehemu hiyo. Busu lenyewe ni dogo kiasi kwamba hata bibi yangu jirani alisema, “Hilo si kitu.” Ukiipeleka mbele umewaambia pana jambo la aibu, wakati aibu yote ni ya kijana, na ndiyo inayopendeza.

Kisha anachungulia mara ya mwisho, kusubiri somo linalofuata. Picha ya ukumbini inafifia. Inaporudi, mwanamume wa filamu ameshakaa na mkewe, na mapacha wawili wachanga. Kijana anatazama. Anajikuna kichwa. Mwisho.

Kwa nini wanacheka pale, na kwa nini usieleze

Nitakueleza wewe hapa ili ujue, lakini usiwaeleze wao.

Pwani kwetu kijana na msichana hawaachwi hivi hivi. Kuna posa, kuna kishika uchumba, kuna mahari, na kabla ya siku yenyewe kuna somo, kungwi, mtu mzima anayemketisha mwari na kumwambia yale ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Kijana wa Keaton hana mtu huyo. Somo wake ni pazia la sinema. Na pazia limemfundisha vizuri kabisa: geuka, shika, visha, busu. Hatua kwa hatua, kama mtu anayefundishwa kusuka mkeka. Kisha lilipofika kwenye jambo kubwa, kungwi huyo akafunga macho, taa ikafifia, akafungua macho watoto wameshazaliwa.

Filamu nyingi za zamani zilifanya hivyo, na nyingi za sasa zinafanya. Keaton alikuwa na miaka 28 alipoitengeneza hii, na ameona jambo ambalo mimi nililiona kwa miaka sita kupitia tundu la tofali bila kulijua. Vijana wa kibanda chetu walijifunza kutembea, kuvaa na kusema na wasichana kutoka kwenye runinga ile. Niliwaona wakitoka pale mlangoni mabega yamepanuka. Hakuna mkanda hata mmoja kati ya niliyorudisha nyuma uliowaonyesha jinsi ya kulea mtoto mwenye homa usiku, au namna ya kumwomba mke radhi. Filamu zetu nazo zilififia palepale.

Ndiyo maana mtafsiri anyamaze. Keaton ameacha shimo makusudi kati ya busu na mapacha. Ukilijaza kwa maneno, hata kwa utani, umemnyang’anya mtazamaji sehemu pekee aliyoachiwa aifanye mwenyewe. Mara ya pili nilipoionyesha, nikiwa nimeuma ulimi, kulikuwa na kimya kifupi baada ya mapacha kutokea. Kisha kutoka gizani bibi jirani akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki, “Mahari iko wapi?” Ua ulianguka kwa kicheko. Wanaume walicheka, watoto wakacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka, na mama wa vitumbua alipiga makofi. Hakuna mtafsiri angeweza kuandika swali lile.

Baada ya shuka kuwa jeusi

Usiwashe taa. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kwenye kibanda nilizoea kubonyeza kitufe mara tu majina yanapoanza kupanda, kwa sababu wa onyesho linalofuata walikuwa wanagonga mlango. Uani kwako hakuna anayegonga.

Kisha rudisha dakika mbili nyuma, uonyeshe tena. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mara ya kwanza watu wote humtazama kijana. Kabla ya mara ya pili sema sentensi moja: “Sasa mtazameni msichana.” Wataona kwamba ameinamisha macho, anasubiri, anampa nafasi. Hamharakishi, hamsaidii, wala hamcheki. Mtu aliyekwenda kwenye duka la rehani na kuuliza swali moja likamaliza kesi, anaweza pia kumwambia kijana “nivishe pete basi”. Hasemi. Subira ile ni ya mtu anayejua anachokitaka. Wanawake wa uani kwangu huwa wanalitambua upesi kuliko mimi nilivyolitambua.

Ukibakiwa na nguvu, onyesha mara ya tatu, na safari hii usiseme neno lolote. Keti tu pale dirishani nyuma ya projekta, ukae ndani ya mwanga wake kidogo. Kwenye shuka kidirisha kitatokea na vijana wawili ndani yake. Jumamosi iliyopita mtoto wa kiume wa kama miaka saba aligeuka hapo, akanitazama mimi dirishani, akalitazama shuka, akanitazama tena. Kisha akampiga mwenzake kiwiko, naye akageuka.

Ukimaliza zima taa ya projekta lakini usichomoe waya ukutani mara moja. Feni yake inahitaji dakika mbili tatu kupoza balbu, na balbu ni ghali. Mimi husubiri palepale dirishani ikizunguka gizani, huku watu wakikunja mikeka na bibi bado anaulizia mahari.